Ufadhili Uliofungwa kwenye Goti: kisa cha mchezaji mmoja wa Moshi

Kabla ya kisa

Kisa hiki kilitokea Moshi. Nimeondoa jina la mchezaji, la shule, la mtaa na la kila aliyehusika, na mambo machache yasiyogusa kiini nimeyageuza ili asitambulike. Yeye mwenyewe na mama yake wameyasoma maandishi haya na kuridhia. Msichana huyu nitamwita Kiungo, kwa kuwa ndiyo namba aliyocheza. Mimi ni mwalimu wa michezo. Nilikuwemo tangu siku ya kwanza, na baadhi ya makosa mtakayoyakuta humu ni yangu. Nawaandikia walimu wenzangu, wazazi na makocha wa timu za mitaani, ambao kila Januari hupata habari njema kwamba mtoto fulani kapata ufadhili kwa sababu ya mpira, wakashangilia, wakatia saini.

Usuli

Moshi ni mji wa mteremko. Ukishuka kuelekea mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni joto linaongezeka, nyumba zinabanana, na kodi ya chumba inapungua. Kiungo alikulia huko chini. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tatu. Mama huamka alfajiri kununua mikungu ya ndizi kwa akina mama wanaoshuka kutoka Kibosho na Uru, kisha huuza rejareja sokoni Mbuyuni: mshale kwa ajili ya mtori, mzuzu za kukaanga, kisukari za kula. Watoto wake ni watatu, Kiungo ndiye wa kwanza. Kihamba, yaani shamba la urithi la ukoo, kiko juu mlimani, mikononi mwa baba mkubwa, na jambo zito la familia huamuliwa huko. Mama alikuwa akiwalisha watoto peke yake, lakini neno la mwisho juu yao halikuwa lake.

Mpira aliujua kwa kucheza na wavulana, kwenye uwanja wa mtaa ambao masika yakianza hugeuka tope la kufika kifundoni. Darasa la tano alichezea manispaa katika UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, darasa la sita akaenda na timu ya mkoa. Nilimwona huko. Hakunivutia kwa chenga. Alikuwa anageuza shingo kabla mpira haujamfikia. Watoto wa umri ule macho yao hufuata mpira tu. Yeye ulipomfika alishajua nani yuko mgongoni na nani yuko wazi. Hilo halifundishwi kirahisi, na nilipoliona nilikaa chini pembeni mwa uwanja nikaacha kuandika.

Matokeo ya darasa la saba yalimpeleka sekondari ya kata, ambako tangu 2016 hakuna ada. Kabla hajaripoti, shule moja binafsi ya bweni ikamwita. Ada yake ya shilingi milioni 2.8 kwa mwaka ingesamehewe yote, kidato cha kwanza hadi cha nne.

Karatasi ya ukurasa mmoja

Hapa napunguza mwendo, maana yote yaliyokuja baadaye yalikuwa yameshaandikwa kwenye karatasi hii, au yalikuwa yameachwa.

Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja, kwa Kiingereza, wenye masharti matatu. Wastani wa masomo usishuke chini ya 55 kuanzia kidato cha pili. Mwanafunzi aichezee timu ya shule katika mashindano yote atakayopangiwa. Na kila Jumamosi atoe saa mbili za huduma kwa jamii. Mwisho pa kutia saini.

Mama aliuliza, "Mwalimu, hapa pameandikwa nini?" Nikamsomea kwa Kiswahili, haraka, nimesimama. Akauliza swali moja tu, na lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa miaka minne ile: "Na akiumwa?" Nikamjibu, "Mama, hawa ni watu wazima, hawawezi kumtupa mtoto. Saini, nafasi kama hii haiji mara mbili." Kwa kuwa mtoto aliye chini ya miaka 18 hawezi kuingia mkataba kisheria, aliyetia saini ni mama, kama mlezi. Kalamu ilikuwa yangu.

Mambo yalivyofuatana

*Muhula wa kwanza, 2021.* Alianguka darasani. Alikuwa ametoka shule ya msingi ya Kiswahili, na kila somo isipokuwa Kiswahili sasa lilikuwa kwa Kiingereza. Mmeng'enyo wa chakula aliouelewa vizuri darasa la tano ulirudi ukiwa na jina asiloweza kulitamka. Wastani wake ulikuwa 41. Matroni, mama mmoja mtaratibu ambaye mpira wala haumhusu, ndiye aliyeona. Aliomba mazoezi ya jioni yapunguzwe kutoka siku tano hadi tatu, na jioni mbili zilizobaki Kiungo akae na msichana wa kidato cha tatu amfundishe lugha kwa kutumia daftari za masomo yenyewe. Kocha alinung'unika, akakubali. Mwisho wa kidato cha pili wastani ulikuwa 63.

*Jumamosi.* Huduma kwa jamii shuleni pale ilikuwa kufagia kuzunguka zahanati ya jirani. Alifagia Jumamosi nne. Ya tano akaenda ofisini akasema, "Kule kwetu wapo wasichana wanaotaka kucheza na hawana wa kuwafundisha. Naomba nihudumu huko." Akapewa ruhusa ya getini, kutoka saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana.

Alianza na wasichana 11, mpira mmoja na mawe manne ya magoli. Mwanzoni walipanga kukutana jioni pale anapokuwa likizo. Wazazi wakakataa, kwa sababu giza huingia mtoto akiwa bado njiani. Akahamishia asubuhi, kabla jua halijakaza, na baada ya kazi za nyumbani za kila binti, hata kama wengine walichelewa. Kisha akaona jambo ambalo mimi, mwanaume niliyefundisha wasichana zaidi ya miaka kumi, sikuwahi kuliona: kuna binti anayekosekana wiki moja katika kila nne. Akawauliza. Hawakuwa na taulo za kike. Ufumbuzi aliutafuta kwa mama zao, sio kwa mabinti, na akina mama wawili wenye cherehani wakaanza kushona za kitambaa za kufua. Kila Jumamosi aliandika mahudhurio kwenye daftari la kurasa 96: nani kaja, nani hakuja, kwa nini. Hakuna aliyemwagiza.

Oktoba 2022 Serengeti Girls, timu ya taifa ya Tanzania, walikuwa India kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17. Waliifunga Ufaransa 2–1 na kufika robo fainali. Jumamosi iliyofuata wasichana wa Kiungo walikuwa 34. Akina mama waliokuwa wakisema mpira utawaharibu mabinti walikuja wenyewe, wamewashika mkono.

*Desemba 2022.* Anayeijua Kilimanjaro anaijua Desemba yake. Mabasi kutoka Dar es Salaam yanakuja yamejaa, Wachaga wanarudi vihambani, mbuzi wanachinjwa, na kila kijiji kina mashindano ya mpira yaliyodhaminiwa na mtu aliyefanikiwa mjini. Timu ya jirani na kihamba chao ilitaka mamluki, na mdhamini aliahidi shilingi 30,000 kwa kila mechi watakayoshinda. Mama alikuwa na marejesho ya VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, yaliyopungua kiasi hichohicho. Baba mkubwa akasema, "Mpira unamsomesha mtoto wetu, basi usaidie na nyumba." Akamtaja Samatta, aliyetoka Mbagala akafika Ligi Kuu ya Uingereza. Samatta hutajwa kwenye vikao vingi vya familia za wachezaji, na anayemtaja huwa ana maana nzuri.

Kiungo alikuwa hajapumzika. Nilipolipitia daftari lake baadaye, maana aliandika na mechi zake humo, sikukuta wiki mbili mfululizo bila mechi tangu Juni. UMISSETA (michezo ya shule za sekondari), ligi ya shule, mabonanza, mechi za kirafiki, kisha Desemba.

Tarehe 27, saa tisa alasiri, uwanja mkavu kama sakafu, aligeuka kushoto kumkwepa mtu. Hakuguswa. Alisikia mlio ndani ya goti, akakaa. Magharibi goti lilikuwa limevimba kama papai. Akaletwa mzee anayeaminika kijijini kwa kuchua; akalichua kwa maji ya moto na dawa ya kupaka, usiku tatu mfululizo. Timu ilishinda. Shilingi 30,000 zilitolewa, marejesho yakalipwa.

*Januari hadi Machi 2023.* Alirudi shule kuanza kidato cha tatu na hakumwambia mtu. Alifunga bandeji ndani ya soksi. Alicheza mechi nne. Machi, mazoezini, goti likamtoka akaanguka na kushindwa kunyanyuka. Hospitali ya rufaa ikabaini kwamba kano ya mbele ya goti imekatika na gegedu limechanika. Hakuwa na bima. Upasuaji ulizidi kipato cha ndizi kwa mbali, kwa hiyo akaanza mazoezi ya tiba ya viungo, mara mbili kwa wiki, kisha mara moja, kisha nauli ilipopatikana.

*Juni 2023.* Barua ya shule ikafika. Kwa kuwa mwanafunzi hawezi kutimiza sharti la pili, ufadhili umesitishwa. Alipe ada kamili kuanzia muhula unaofuata, au ahame.

Maamuzi na sababu zake

Kwa nini alificha? Nilimuuliza mwenyewe, miezi mingi baadaye, tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya chumba cha tiba. Alisema kwamba mwishoni mwa kidato cha pili, Kiingereza chake kilipokaa sawa, aliomba nakala ya mkataba akausoma mwenyewe. Akaona hakuna mstari wa kuumia. "Nikajua nikisema, nimekwisha." Lugha ileile iliyomwokoa darasani ndiyo iliyomfungua macho akaanza kuogopa. Alikuwa na miaka 15 na alikuwa ameuelewa mkataba kuliko mimi niliyemsomea mama yake.

Shule nayo ilikuwa na hoja. Fedha za ufadhili zilitoka kwa wahisani waliozitoa kwa ajili ya michezo, nafasi zilikuwa chache, na mtoto aliumia kwenye mechi ambayo shule haikuijua, akiwa na jezi isiyo ya kwao. Mkuu wa shule aliniambia kwamba akilipia goti hili, kesho ataletewa magoti ya mashindano ya kila kijiji. Sikubaliani na uamuzi wake, lakini alikuwa anafikiri, na mtu anayefikiri unaweza kurudi kuongea naye.

Kikao cha familia kilikaa kihambani Jumapili moja, baridi ya Juni imeshuka mpaka kwenye migomba. Tulikuwa baba mkubwa, shangazi, mama na mimi. Kiungo aliitwa alete chai, akaiweka, akaanza kutoka. Nikaomba kwa heshima abaki. Baba mkubwa alinyamaza kidogo, shangazi akasema, "Si goti lake? Akae." Akakaa.

Baba mkubwa alitaka arudi shule ya kata. Haina ada, iko karibu, na mama atapata msaidizi. Si hoja ya kupuuzwa, na alipoisema hakuwa na ukali. Shangazi akauliza fizikia na kemia itakuwaje, maana shule ile ilikuwa na mwalimu mmoja wa masomo hayo kwa madarasa yote. Mama hakusema kitu. Mimi nilisema mwisho, nikakiri mbele yao kwamba swali la "na akiumwa?" liliulizwa siku ile na ni mimi niliyelizima.

Ndipo shangazi akamgeukia binti. Hakuna aliyewahi kumuuliza, katika miaka miwili na nusu. Akasema, "Nataka kusoma palepale. Mpira nikiambiwa niache nitaacha. Jumamosi siachi."

Tuliamua kuiandikia bodi ya shule. Barua ilikuwa na viambatisho vitatu: ripoti za masomo zinazoonyesha alivyopanda kutoka 41 hadi 63, barua ya daktari, na nakala ya daftari la Jumamosi, mahudhurio ya Jumamosi 71. Sikutegemea sana hicho cha tatu. Nilikiweka kwa sababu mama alisisitiza: "Mwalimu, hilo nalo ni sharti la mkataba, na hilo hajalivunja." Alikuwa sahihi. Kati ya masharti matatu binti alikuwa ametimiza mawili kupita kiasi, na lililobaki, la kucheza, lilimshinda kwa sababu ya mwili.

Matokeo

Bodi ilikaa wiki tatu. Kabla ya jibu mkuu wa shule alikuja uwanjani Jumamosi moja bila kutoa taarifa, akamkuta Kiungo amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, mguu umenyooshwa, anawapigia filimbi mabinti. Alisimama karibu nusu saa, akaondoka bila kusema neno.

Jibu lilikuwa nusu kwa nusu. Sharti la kucheza likaondolewa kwa muda uliobaki. Ada ya masomo iendelee kusamehewe. Gharama za bweni zibebwe na familia, au mtoto asome kutwa. Familia haikuweza bweni, hivyo akawa wa kutwa. Aliondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, akapanda daladala mbili, na goti lake lilikuwa bado linamuuma akisimama kwenye msongamano. Alirudi saa kumi na mbili na nusu jioni, akapika, akawasaidia wadogo zake, akafungua daftari saa tatu usiku.

Mtihani wa kidato cha nne, Novemba 2024, alipata daraja la pili, pointi 19. Walimu wake walimtarajia la kwanza, na mimi naamini angelipata akiwa bweni. Julai 2025 aliripoti kidato cha tano shule ya serikali ya wasichana, mchepuo wa CBG (kemia, biolojia na jiografia), ambako ada haipo tena. Hajafanyiwa upasuaji. Anatembea vizuri, anapanda ngazi, lakini hachezi mchezo wowote wa kugeukageuka.

Wasichana wake wa Jumamosi? Wanne wameshapitia timu ya manispaa. Wawili waliacha shule, na mmoja wao sasa ana mtoto. Timu ilikaribia kufa alipoanza safari za kutwa, ikafufuliwa na binti wa miaka 14 aliyekuwa akimbebea filimbi.

Uchambuzi

Wenzangu wengi wakisikia kisa hiki huilaumu mechi ya Desemba. Wanasema mtoto mwenye ufadhili asiguse mpira wa mchangani. Mimi sikubali. Mchangani ndiko alikozaliwa kama mchezaji, na pale kijijini hakuna mtu aliyemtakia mabaya. Kosa lilikuwa kwamba pande tatu zilikuwa zinautumia mguu mmoja na hakuna mtu mzima aliyekuwa anahesabu. Shule ilijua mechi zake. Mkoa ulijua mechi zake. Ukoo ulijua mechi zake. Aliyezijumlisha ni Kiungo peke yake, kwenye daftari ambalo hakuna aliyeomba kulisoma. Mwili wa msichana wa miaka 15 unaokua haraka unahitaji wiki za kupumzika kwa makusudi, na wiki hizo lazima mtu mzima mmoja awe na mamlaka ya kuzitangaza na kutiiwa na wote. Sisi tulikuwa na makocha watatu na hakuna hata mmoja mwenye mamlaka hayo.

Kuhusu goti lenyewe, kuna jambo ambalo kila kocha wa wasichana lazima alijue. Kano ya mbele ya goti hukatika zaidi kwa wasichana kuliko wavulana wanaocheza mchezo uleule, na mara nyingi hukatika hivihivi, mtu anapogeuka au kutua baada ya kuruka, bila kugongwa. Tunapasha misuli kwa kuzunguka uwanja mara tatu na kupiga mpira golini. Hiyo haitoshi. Programu ya kupasha misuli iitwayo FIFA 11+ ina mazoezi 15 katika sehemu tatu, inachukua kama dakika 20, haihitaji vifaa zaidi ya mpira na alama za kuweka chini, na inafundisha hasa kile kilichomwangusha Kiungo: kutua magoti yakiwa yamekunjwa na yasiyoingia ndani, kusimama kwa mguu mmoja, kugeuka kwa nyonga. Ikifanywa angalau mara mbili kwa wiki hupunguza majeraha kwa kiwango kikubwa. Haina gharama. Hatukuifanya kwa sababu tulidhani ni ya timu kubwa.

Usiku ule wa kwanza nao ulituumiza. Goti lililovimba ndani ya saa chache baada ya mlio ni goti la hospitali, halipelekwi kuchuliwa. Maji ya moto, dawa za kupaka na kukanda katika siku tatu za mwanzo huongeza uvimbe na damu ndani. Linalotakiwa ni kupumzisha, kuweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kufunga bandeji bila kukaza sana, na kunyanyua mguu juu. Mzee yule simlaumu, alifanya alilojua kwa moyo safi. Ni sisi walimu ambao hatujawahi kupanda mlimani kumweleza. Inawezekana kabisa gegedu lilichanika baadaye, katika zile mechi nne za kujificha, na kwamba angekwenda hospitali Desemba tungekuwa tunaongelea jeraha moja badala ya mawili.

Sasa mkataba. Ufadhili wa michezo usiosema lolote kuhusu kuumia hujibu wenyewe siku mtoto anapoumia, na hujibu vibaya. Kabla mzazi hajashika kalamu anatakiwa apate majibu ya maandishi, kwa Kiswahili: akiumia ufadhili unaendelea kwa muda gani, nani anamkatia bima, je jeraha la likizo linahesabiwa, nani anaruhusiwa kumwita kucheza nje ya shule na nani anaweza kukataa. Na swali ambalo watu huliona dogo: ufadhili ni ada tu, au na bweni, nauli, sare na matibabu? Kiungo alibaki na ada akakosa kitanda, na kitanda ndicho kilichomgharimu daraja. Shule nyingi hazitakasirika kuulizwa. Ile yetu haikukasirika tulipouliza, ila tuliuliza tukiwa tumechelewa miaka miwili na nusu.

Lililofanya kazi mapema ni uamuzi wa matroni. Aliupunguza mpira ili kuliokoa darasa, wakati mtoto aliletwa pale kwa ajili ya mpira. Bila jioni zile mbili wastani usingefika 63, na bila huo wastani bodi isingekuwa na sababu ya kutusikiliza. Ninapotembelea shule siku hizi naulizia kwanza matroni, kisha kocha.

Daftari lilitushangaza sote. Tulikuwa tunaichukulia huduma kwa jamii kama kodi anayolipa maskini kwa kupewa elimu, na nakiri niliwahi kumshauri aiache ili apate muda wa kupumzika. Alikataa. Angeendelea kufagia zahanati asingekuwa na cha kuionyesha bodi, na nadhani hata yeye mwenyewe asingekuwa na kitu cha kushika mwaka ule goti lilipomtoka. Alipoacha kuwa mchezaji alibaki kuwa mtu anayesubiriwa na mabinti 34 kila Jumamosi asubuhi. Tofauti ilianzia pale alipoichagua kazi mwenyewe, mahali anapopajua, kwa ajili ya watu wanaomjua. Shule inayotaka wanafunzi wahudumu iwaulize kwanza wanakotoka kuna upungufu gani.

Familia ndiyo sehemu ngumu kuiandika. Zile 30,000 hazikuwa tamaa. Marejesho ya VICOBA yasipolipwa wenzako wanalipa, na mama angekosa uso wa kuwatazama sokoni. Tulipompokea mtoto wa kwanza wa mjane na kumwita mchezaji wetu, tulijua hali ya nyumbani na hatukuiuliza tena. Shilingi 30,000 tungeweza kuzichanga walimu watatu siku ileile kama kungekuwa na mtu wa kumpigia simu. Mama hakuwa na namba ya mtu yeyote isipokuwa yangu, na mimi Desemba ile nilikuwa kwetu, nimezima simu.

Na kikao. Miaka miwili na nusu tulimwamulia mambo yake akiwa jikoni. Alipokaa kwenye kiti alisema sentensi tatu zilizotupa njia nzima: shule ileile, mpira unaweza kusubiri, Jumamosi zibaki. Barua yetu kwa bodi ilizifuata sentensi hizo kwa mpangilio huohuo.

Desemba iliyopita nilipanda kihambani kuwasalimia. Mashindano yalikuwepo kama kawaida, na mdhamini alikuwa yuleyule. Alimwona Kiungo amekaa pembeni ya uwanja na yule binti mdogo, wanaandika majina, akamwendea kwa upole akamwomba aingie dakika kumi tu za mwisho, watu wamwone. Kiungo hakupata nafasi ya kujibu. Mama alikuwa nyuma yao na beseni la ndizi za kuchoma. Aliliweka chini, akafuta mikono kwenye kanga.

"Huyu hachezi," alisema. Kisha akamuuliza mdhamini kama mabinti wanaoingia uwanjani wamepasha misuli, na kwa dakika ngapi.